Mama Mkubwa anajibu: Nikijifikiria nikiwa mzee sioni kitu

Mbukwenyi wapendwa, ndio salamu ya Kigogo hiyo! Barua za mwezi huu karibu zote zinaongelea uzee, na zimetoka kwa watu wa rika zote, wapo hata vijana ambao hawajafika thelathini. Sijashangaa sana maana hapa Dodoma sasa hivi kila ofisi ina mtu anayehesabu miaka ya kustaafu na kila kona kuna mtu anamwaga msingi wa nyumba anayosema ni ya uzeeni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu naamini imebeba swali la wengi ambao wanaona aibu kuuliza.

SWALI: Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 39, sijaolewa, nina mtoto mmoja yuko darasa la nne. Juzi kati tulikuwa na semina ya mambo ya mafao, mtoa mada akatuambia tufumbe macho kila mtu ajione ana miaka 75 afu aseme anaona nini. Wenzangu wakatiririka, mmoja anaona ghorofa lake Iyumbu, mwingine shamba la zabibu Hombolo, mwingine wajukuu wamejaa sebuleni. Mimi nilipofumba macho sikuona kitu, giza tupu, zamu yangu ilipofika nikasema "namuachia Mungu". Tangu siku hiyo sina amani kabisa. Mama yangu nilipomsimulia akaniambia niache uchuro, uzee hautafutwi unakuja wenyewe. Je ni vibaya kujifikiria uzeeni? Na mtu anaanzia wapi? – Mwalimu, Nzuguni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hilo giza. Nianze na mama. Usibishane naye, anasema kutokana na alivyolelewa. Wakati wake uzee ulikuwa na mahali pake tayari, mtu akizeeka anakaa palepale kwenye boma, watoto wa kiume wamejenga pembeni, wakwe wanapika, wajukuu wanachota maji, kwahiyo kulikuwa na kitu gani cha kufikiria? Wewe uko Nzuguni kwenye nyumba ya kupanga, ndugu zako wametawanyika mikoani, mtoto wako ni mmoja na hujui atapata kazi wapi. Mahali pako pa uzeeni hapajaandaliwa na mtu yeyote, ndio maana lazima upafikirie mwenyewe, na hilo sio uchuro hata kidogo. Kwanza angalia salary slip yako. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15 kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tangu siku ya kwanza umeajiriwa. Sheria ishasema kustaafu ukiwa na miaka 55 ni hiari na 60 ni lazima. Yaani serikali inakufikiria ukiwa mzee kila tarehe ya mshahara, kwanini wewe mwenyewe uogope?

Sasa hilo giza. Mimi naona hukuona kitu kwasababu uliulizwa kitu kikubwa mno kwa mara moja, na wenzako walijibu kwa mali. Ghorofa, ekari, sebule iliyojaa. Hizo ni picha za kuonyesha watu, hazikuambii mtu anaishije humo. Mwenye ghorofa Iyumbu hajasema akiwa na miaka 75 na magoti yanauma atapandaje ngazi kwenda kulala, na mwenye wajukuu hajasema hao wajukuu shule watasoma wapi.

Ukitaka kuona kitu usijaribu kuona maisha yote, chukua siku moja tu. Na isiwe sikukuu. Chukua Jumanne, mwezi wa saba, ile asubuhi ya Dodoma yenye baridi na upepo unaopiga vumbi mpaka kwenye vikombe. Una miaka 75. Umeamka. Jiulize taratibu, kuna nani mwingine ndani ya hiyo nyumba? Usijibu haraka "mwanangu", maana huyo mwanao atakuwa na miaka arobaini na kitu na siku ya Jumanne yuko kazini kwake. Labda ni binti wa kazi, labda ni mdogo wako ambaye naye ni mjane, labda mpangaji wa chumba cha uani, labda hakuna mtu na wewe hilo umelikubali na umelipenda. Yote yanawezekana, ila kila moja lina maandalizi yake.

Afu nenda chooni. Nasema kweli, nenda chooni kwenye mawazo yako, ni hatua ngapi kutoka kitandani? Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote kabla ya kuanza kuandika hapa na nakwambia wazee wengi niliowapokea wamevunjika nyonga hawakuanguka barabarani, walianguka usiku wakienda chooni, taa imezimika, taili limelowa, choo kiko nje au ni cha kuchuchumaa na mtu akishachuchumaa hana pa kushika ili anyanyuke. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mzee ni habari nyingine kabisa, anaweza asitembee tena. Sasa watu wananunua mageti ya mamilioni na kwenye choo hawaweki hata bomba la chuma ukutani la kushikilia, kitu ambacho fundi wa kuchomelea yeyote pale mtaani anakutengenezea kwa hela ndogo tu. Ukija kujenga mwanangu, jenga nyumba ya chini, mlango wa choo upana wa kupita kiti cha magurudumu, taili za kukwaruza zisizoteleza, swichi ya taa karibu na kitanda, na tenki la maji ambalo bomba lake linafika ndani, maana mgao wa maji hapa kwetu unaujua, na bibi wa miaka 75 hatakiwi kubeba ndoo.

Tuendelee na hiyo Jumanne. Saa tatu asubuhi nani anakusalimia? Hapa ndio pananiuma zaidi kuliko pengine popote. Dodoma imekua haraka, serikali ilitangaza kuhamia rasmi 2016, tukawa jiji 2018, na watu wengi tunaoishi hizi mitaa mipya, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Njedengwa, tumekuja kutoka kwingine na kila mtu amejifungia ndani ya fensi. Mtu anakaa mtaa mmoja miaka minane hajui jina la mwenye geti la jirani. Akiwa na nguvu haoni shida kwasababu ana kazini, ana gari, ana kikundi cha WhatsApp. Siku anastaafu, kazini panaondoka, gari anaogopa kuendesha usiku, na anagundua kwamba umbali anaoweza kwenda kwa miguu hakuna mtu hata mmoja anayemjua. Upweke wa namna hiyo nimeuona ukimmaliza mtu mwenye pensheni nzuri kabisa.

Mtaani kwetu kuna bibi mmoja, yeye kila asubuhi anatandika mkeka kibarazani anachambua mlenda mkavu, anatoa vijiti kimoja kimoja, anapima kwa kikombe cha bati na kufunga kwenye mifuko midogo. Hela anayopata ni ndogo. Ila ukikaa pale nusu saa utaona mambo, mtoto wa shule anaacha ufunguo wa nyumbani kwao kwa bibi, mama mwenye duka anampitishia chai, kijana wa bodaboda anauliza "bibi leo presha umepima?", mwenyekiti wa mtaa akitaka kujua nani kahamia anapita kwake kwanza. Siku asipotoka kibarazani ikifika saa nne mtu ameshagonga mlango. Huyo bibi mtoto wake wa pekee yuko Mwanza na anakuja mara chache. Je, huyu ana uzee mbaya? Mimi nautamani. Na hakuupata kwa bahati, miaka yote hiyo alikuwa anaenda kwenye misiba ya watu, anahudhuria jumuiya, analea vichanga vya majirani wakienda sokoni.

Kwahiyo ukiniuliza uanzie wapi mwanangu, anzia hapo. Hela utaanza kuweka kidogokidogo na nitakueleza, lakini watu huwezi kuwanunua ukifika 60. Rafiki wa uzeeni lazima umpate sasa, na wawe wa rika tofauti, maana ukiwa na marafiki wa umri wako tu mtazeeka pamoja na kuzikana pamoja. Jiunge na kwaya, na kikoba, hata kama una kazi nyingi. Kama unampenda mdogo wako au shoga yako kiasi kwamba mngeweza kuishi kiwanja kimoja, ongeeni sasa, nunueni viwanja jirani. Hujaolewa, sawa, hilo sio tundu kwenye maisha yako, usiliache likuzibe macho. Na mtoto wako mpende kama mtoto, usimlee kama bima.

Kuhusu hela kwa kifupi. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji kuwa umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, hakikisha michango yako inaingia, usisubiri ukaribie kustaafu ndio ukagundue kuna miezi imeruka. Ile pensheni itakuwa chini ya mshahara wako, hilo lijue mapema, kwahiyo weka na kitu cha pembeni, iwe vipande vya UTT, ule mfuko wa serikali wa uwekezaji wa pamoja, au hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, kitu ambacho hakihitaji nguvu zako wala usimamizi wa shemeji.

Chukua daftari uandike hiyo Jumanne kuanzia kuamka mpaka kulala. Andika na chakula utakachokula na nani amekipika. Ukifika mahali hujui andika "hapa sijui", ndio utajua pa kushughulikia. Na baadaye mpelekee mama umsomee, muulize yeye Jumanne yake ya sasa ikoje. Nahisi hajawahi kuulizwa.

SWALI: Mambo vipi Mama Mkubwa, mimi ni bodaboda maeneo ya Nkuhungu nina miaka 28. Sisi hatuna mafao wala nini. Ndoto yangu nikizeeka niwe na shamba la zabibu ekari mbili nakaa kivulini nakula matunda ya jasho langu. Washkaji wananicheka wanasema bodaboda hazeeki. Nakosea? – Kijana wa Nkuhungu

JIBU: Salama mwanangu. Hao wanaosema bodaboda hazeeki waambie Mama Mkubwa hataki kusikia hayo maneno tena. Nimewafunga wengi bandeji, nataka mzeeke. Vaa helmeti, na abiria wako avae.

Zabibu ni ndoto nzuri na Dodoma ndio mahali pake, ila hakuna kukaa kivulini. Mzabibu unataka maji ya kumwagilia kwasababu mvua zetu ni chache na za msimu mmoja, unataka kupogolewa kwa wakati, palizi, dawa za ukungu, na kwa hapa kwetu unavuna mara mbili kwa mwaka kwahiyo hizo kazi zote zinajirudia. Zikiiva zinataka mnunuzi siku hiyohiyo, hazisubiri. Mzee wa miaka 70 ambaye ndio anaanza kujifunza hilo shamba litamshinda. Wewe anza sasa ukiwa na miaka 28, hata robo ekari, hata kwa kuingia ubia na mtu wa Hombolo au Mpunguzi mwenye shamba tayari, na pale Makutupora kuna kituo cha utafiti cha serikali kinachoshughulika na zabibu, nenda kaulize maswali. Mzabibu ukitunzwa unakaa miaka mingi sana shambani, utazeeka nao, na ukifika 60 utakuwa unaelekeza vijana badala ya kuinama mwenyewe.

Halafu sio kweli kwamba nyie hamna mafao. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri, bodaboda, mama lishe, mafundi, unajichangia mwenyewe kwa simu. Nenda ofisini kwao hapa mjini na kitambulisho chako cha NIDA, waambie unataka kujiunga. Toa kwenye hela ya siku kabla haijafika kwenye chipsi.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 52, nina duka la madaftari na vitabu Majengo. Mume wangu anastaafu miaka mitatu ijayo na ameshaamua turudi kijijini kwao wilaya ya Bahi, anasema mjini ni pa kutafutia na uzee ni wa nyumbani. Kwake ni nyumbani, mimi kwetu ni Iringa. Nikijifikiria kule naona nimeacha duka, kanisa, marafiki, na kliniki yangu ya sukari. Nikimwambia ananiona nimeshakuwa mwanamke wa mjini. Tutafikaje muafaka? – Mama Duka, Majengo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapa naona kila mmoja ameshachora uzee wake akamuweka mwenzake ndani bila kumuuliza. Yeye anaona kivuli cha mbuyu, ng'ombe, watu wanaomwamkia kwa jina la baba yake, na hilo ni jambo zito kwa mwanaume aliyekaa ofisini maisha yake yote, usilidharau. Wewe unaona mbali na daktari. Na wewe una haki kabisa, sukari haitaki mchezo.

Nawashauri kitu kimoja. Nendeni mkakae huko mwezi mzima, ila msiende Krismasi wala Pasaka. Kila mtu anapenda kijiji mwezi wa pili mahindi mabichi yapo na kila kitu ni kijani. Nendeni mwezi wa kumi. Mvua zetu zinaanza karibu na Desemba na kufikia Aprili au Mei zimekwisha, kwahiyo mwezi wa kumi ndio utaona kijiji kilivyo kweli, maji yanatoka wapi, ng'ombe wanakula nini, zahanati ina dawa gani, ukizidiwa saa nane usiku gari linapatikana kwa nani. Mume wako achukue likizo muende. Pima sukari yako ukiwa kulekule, andika. Mkirudi mtakuwa mnaongea kuhusu kitu mlichokiona wote wawili.

Na sio lazima iwe huku au kule. Bahi sio mbali na mjini, wapo wazee wanalima msimu wa mvua kijijini na kiangazi wanakaa mjini. Ninachowaomba tu msigawe kile kiinua mgongo kujenga nyumba kubwa mbili. Mnajua siku hizi hela ya mkupuo sio kama zamani, kanuni za 2022 ziliiweka asilimia 33 ya mafao, bajeti ya 2024 ikaongeza kidogo, sehemu kubwa inabaki ya pensheni ya kila mwezi. Vyumba viwili vizuri kijijini vinatosha. Na duka usilifunge, mtafute binti wa kumfundisha kuanzia sasa, miaka mitatu ni muda mzuri wa kumjua mtu uaminifu wake. Hili la duka mwambie mume wako waziwazi, kwamba ndio hela ya dawa zenu wote wawili.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nina miaka 71, mstaafu wa reli, naishi Mpwapwa. Nasoma kila mara vijana wanauliza uzeeni wataishije, mimi nimeshafika huko na hakuna anayeniuliza. Mke wangu alifariki, watoto wako Dar wanataka nihamie kwao, wameshaniandalia chumba. Sitaki ila nawaonea huruma. Je mtu wa umri wangu bado anaruhusiwa kupanga maisha anayoyataka? – Mzee wa Reli

JIBU: Shikamoo baba, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Unaruhusiwa, na mimi nasema ni wajibu wako, kwasababu ukinyamaza watoto watapanga kwa upendo wao na utajikuta kwenye chumba kizuri Dar huna wa kuongea naye mpaka wao warudi kutoka kazini saa mbili usiku. Miaka 71 sio mwisho wa safari. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyebeba zeze na ilimba, ala zetu za muziki, mpaka nchi za nje, utu uzima wake aliutumia kuimba na wanawe na ukoo wake, na tangu afariki 2003 wapo wa ukoo huo wanaopiga mpaka leo. Na wewe una kitu kichwani mwako baba, reli ya kati ya miaka ile, stesheni za Gulwe na Kidete, mafuriko yaliyokuwa yanakata njia, hayo yote ukiondoka bila kuyasema yanapotea. Tafuta kijana wa sekondari hapo Mpwapwa mwenye simu nzuri akurekodi, umlipe hata soda.

Watoto usiwakatalie tu, wape jibu lenye mpango, maana wanachoogopa ni simu ya usiku. Waambie nani anakuja kwako kila siku, jirani gani ana ufunguo wa akiba, daktari wako ni nani. Kama bado hujajiandikisha kwa matibabu ya wazee, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji waulize, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inatambua mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Ukifika hospitali kuna sehemu wameandika "mpishe mzee kwanza", usione haya, pita mbele.

Dar kawatembelee. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma mpaka Dar kwa muda wa chini ya masaa manne, na mtu wa reli kama wewe sidhani kama atakosa cha kutazama dirishani. Kaa nao wiki mbili tatu, wachoke kidogo na wewe uchoke kidogo, kisha urudi kwako. Nauli waambie watume wao, na tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Ukirudi niandikie tena, nataka kujua walikuambia nini.